Msitu wa Mgori na Swali la Mwenye Mali

Neno "umma" ni neno lenye heshima katika lugha yetu. Twasema barabara ya umma, kisima cha umma, mali ya umma, na kila tusemapo hivyo twadhani tumekwisha jibu swali la nani mwenyewe. Lakini vitu vya umma havifanani. Barabara hupitwa na watu elfu kwa siku na jioni ikabaki barabara. Msitu hauko hivyo. Kila shoka linaloingia hutoka na kitu, na kitu hicho hakirudi kesho wala kesho kutwa. Kwa hiyo msitu wa umma una swali ambalo barabara haina: ni nani katika umma huo mwenye haki ya kusema "basi", na ni nani atakayemsikiliza?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Historia ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, yaonyesha kwamba limejibiwa kwa njia mbalimbali katika muda wa miaka mia moja na zaidi, na kwamba kila jibu liliacha alama katika nchi. Mahali pamoja ambapo majibu hayo yanaweza kusomwa kwa mfuatano ni Mkoa wa Singida, katika msitu wa Mgori. Insha hii yakusudia kuufuata msitu huo, hasa katika miaka ya 1990, ili tuone ni jambo gani lililouponyesha wakati ulipokuwa karibu na kuangamia, na jambo hilo liligharimu nini.

Kwanza yafaa msomaji aijue nchi yenyewe. Singida ni nchi kavu ya katikati, yenye masika moja tu kwa mwaka. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na miezi iliyosalia ni ya jua na upepo. Kuzunguka mji wa Singida, penye maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, ardhi imelimwa na kulishwa kwa muda mrefu, na miti ni michache kati ya majabali makubwa. Walakini msafiri akielekea mashariki, upande wa Kondoa, huikuta nchi ya miombo. Huo ndio msitu wa Mgori, wenye ukubwa wa hekta 44,000 hivi. Kama ungekuwa na umbo la mraba, kila upande ungekaribia kilomita 21, yaani mwendo wa nusu siku kwa mtu mwenye miguu mizuri. Pembeni mwake vipo vijiji vitano: Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga.

Miombo si msitu wa giza kama ule wa milima ya Usambara. Ni pori la miti iliyoachana, na nyasi chini yake. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani hata mgeni akadhani imekufa. Kisha, kabla mvua haijanyesha, huchipua majani mekundu. Mna miyombo na mitundu, mna mninga unaotoa mbao nzuri za milango na vitanda, mna mkongo. Wanyaturu, ambao ndio wenyeji wengi wa sehemu hizo, walipata humo nguzo za tembe zao, kamba za magome, dawa, kuni, nyama, malisho ya wakati wa njaa, na zaidi ya yote asali. Mizinga ilitengenezwa kwa magome au kwa magogo yaliyochongwa, ikatundikwa juu ya miti, na kila mzinga ulikuwa na mwenyewe aliyejulikana hata kama mti uliouchukua haukuwa wa mtu. Hapa tayari pana funzo: watu hawa hawakuliona pori kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Walijua haki za namna namna zilizolaliana juu ya mti mmoja, nyingine za mtu, nyingine za ukoo, nyingine za wote.

Nyuki wa Singida wameingia hata katika historia ya vita. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 mwanamke mmoja wa Kinyaturu, Liti Kidanka, aliwapinga Wajerumani kwa kuwatuma nyuki wawashambulie askari. Jina lake lingali likitajwa Singida mpaka leo. Mwenye kutaka kulipima simulizi hili kwa mizani ya ushahidi ataona ugumu. Lakini mwenye kutaka kujua watu walifikiri nini juu ya pori lao ataona jambo wazi. Adui alipokuja kutoka mbali, silaha iliyokumbukwa na vizazi ni ile iliyotoka porini.

Wajerumani walikuja na fikira nyingine. Tamko la mwaka 1895 liliifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola, na amri ya mwaka 1904 ilianza kutenga misitu na kuihifadhi. Yatupasa tuwe waadilifu hapa. Elimu ya misitu ya Wajerumani haikuwa elimu ya kubahatisha. Katika mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, alikwisha andika kwamba miti isikatwe zaidi ya ile inayoota, kwa maana tanuru za kuyeyushia madini zilikuwa zikila misitu kwa haraka kuliko ilivyoweza kujirudisha. Wazo hilo ni la hekima, nalo ndilo mama wa yote yasemwayo leo juu ya matumizi endelevu. Lakini lilipofika Afrika ya Mashariki lilifika likiwa limekatwa nusu. Lilijua kuhesabu miti, halikujua kuwahesabu watu. Pori lisilo na nyumba wala shamba lilihesabiwa kuwa tupu, na haki za mrina asali, za mchungaji na za mganga hazikuandikwa popote.

Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuibadili njia hiyo, ila waliinyosha. Idara ya misitu ilianzishwa, sheria ya misitu ikatungwa mwaka 1921, na sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ikaifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Siasa ya misitu ikatangazwa mwaka 1953, na sheria mpya ya misitu ikapitishwa mwaka 1957. Mfano wa kuhifadhi ulikuwa mmoja: msitu ulipimwa, mpaka ukafyekwa, tangazo likatolewa katika Gazeti la Serikali, na kuanzia siku hiyo mtu aliyeingia bila ruhusa akawa mkosaji. Neno umma lilikuwa limeandikwa juu ya mlango, lakini ufunguo ulikaa ofisini.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ufunguo ulibadili mikono, mlango haukubadilika. Sheria ya mwaka 1957 iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 40. Walakini jambo jingine kubwa lilitendeka, ambalo wakati ule halikuhusishwa na misitu hata kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa kati ya miaka ya 1973 na 1976, watu wa vijijini walihamishwa kutoka katika makazi yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji. Sheria ya mwaka 1975 ikakipa kijiji uhai wa kisheria: kikawa na mpaka wake, halmashauri yake na mkutano wake. Na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ikaiwezesha halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, ambazo zikikubaliwa na halmashauri ya wilaya huwa na nguvu mbele ya mahakama.

Habari za operesheni vijiji zina machungu mengi, wala si makusudi yangu kuyafunika. Watu waliacha makaburi na mashamba yao, na kuni na nguzo za makao mapya zilikatwa kwa wingi mahali pamoja, hata pembezoni mwa vijiji vingi pakawa peupe. Lakini ni lazima tukiri kwamba kijiji kilichozaliwa kwa namna hiyo kilikuwa chombo kisichokuwa na mfano wake katika sehemu nyingi za Afrika: serikali ndogo iliyo karibu na watu, yenye daftari, muhuri na mkutano wa watu wazima wote. Miaka 20 baadaye chombo hicho kilipata kazi ambayo watungaji wake hawakuifikiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu wa Mgori ulikuwa katika hali mbaya. Mashamba ya kuhamahama yalifyekwa ndani yake, mninga ulipasuliwa mbao bila leseni, tembo waliwindwa, na kila kiangazi moto ulipita. Serikali, kwa nia njema, ilikusudia kufanya kama ilivyozoea, yaani kuupima msitu na kuutangaza kuwa hifadhi. Nia ilikuwa kuokoa. Lakini tuitazame habari hiyo kwa macho ya mtu wa Ngimu au wa Pohama. Pori alilolirithi kwa wazee wake, ambalo hata sasa hakuwa na karatasi yake, linakaribia kuwa la mtu mwingine kabisa. Mti ulio mbele yake leo ni wake kwa desturi. Kesho utakuwa wa Serikali kwa sheria. Akiuacha ameupoteza, akiukata walau amepata nguzo. Hapo mwenye busara atafanya nini?

Jambo hili halikuwa la Singida peke yake, na mahali lilipoonekana waziwazi ni kaskazini kidogo, katika wilaya ya Babati, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Huko kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye hekta 9,000 hivi, uliozungukwa na vijiji vinane, miongoni mwao Ayasanda, Riroda, Gidas na Duru. Nao ulikuwa umekusudiwa kuwa hifadhi ya Serikali. Wapimaji walipopita na habari zikaenea, watu wakaharakisha kukata kabla mpaka haujafungwa. Kwa hiyo hatua iliyokusudiwa kuukinga msitu ndiyo iliyouongezea mashoka. Si kwamba watu walikuwa wajinga au wabaya. Walilijibu swali la mwenye mali kwa namna walivyoulizwa.

Ndipo likaja wazo ambalo leo laonekana jepesi, lakini wakati ule lilihitaji ujasiri. Katika mwaka 1994 maofisa wa misitu wa Babati, wakisaidiwa kwa fedha na shirika la misaada la Uswidi, Sida, na kwa ushauri wa mtaalamu wa haki za ardhi Liz Wily, waliacha kuwauliza wanavijiji watausaidiaje msitu wa Serikali. Badala yake waliwauliza kama wangeweza kuusimamia msitu huo wenyewe, uwe mali na mzigo wao. Vijiji vikakubali, na kila kimoja kikachukua sehemu iliyopakana nacho. Mpango wa kuutangaza msitu kuwa hifadhi ya Serikali ukaachwa. Mwaka uliofuata, 1995, njia ile ile ikapelekwa Mgori, mahali penye msitu mkubwa karibu mara tano ya ule wa Babati na wenye watu wachache zaidi wa kuulinda.

Yafaa tukae kidogo juu ya namna kazi ilivyofanywa, maana katika mambo ya namna hii ubora hukaa katika utaratibu, hauko katika hotuba. Kazi ya kwanza ilikuwa mipaka. Vijiji vitano vilipaswa kukubaliana sehemu ya kila kimoja inaanzia wapi na kuishia wapi, na mapatano hayo yalifanywa kwa kutembea: wazee wa pande mbili wakifuata kijito, kilima, au mti mkubwa unaojulikana, mpaka wakubaliane. Mpaka wa namna hiyo una nguvu kuliko mstari uliochorwa na mgeni, kwa kuwa waliouweka ndio watakaoulinda. Kazi ya pili ilikuwa kuitazama hali ya msitu wenyewe, na kuigawa sehemu ya kijiji kwa matumizi: hapa pataachwa papumzike kabisa, hapa kuni kavu zitaokotwa, hapa mizinga itatundikwa, hapa mifugo italishwa kwa majira.

Kazi ya tatu ilikuwa sheria. Kila kijiji kiliandika kanuni zake kwa Kiswahili cha kawaida, zikajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha zikapelekwa katika halmashauri ya wilaya ili ziwe sheria ndogo. Zilieleza mambo yasiyoruhusiwa kabisa, kama kufungua shamba jipya, kuchoma mkaa na kuwasha moto. Mambo yaliyohitaji kibali, kama kukata nguzo. Na mambo yaliyokuwa huru kwa mwanakijiji. Mambo madogo nayo yalihitaji kufikiriwa. Mzinga wa gome, mathalan, huua mti uliochunwa. Je, asali ni halali ikiwa mti umekufa kwa ajili yake? Hilo si swali linaloweza kujibiwa vema na ofisi iliyoko Dar es Salaam. Bali mrina asali analijua jibu lake, na jirani yake anajua kama anadanganya.

Kazi ya nne ilikuwa ulinzi. Kamati ya msitu ikachaguliwa, na vijana wakawekwa kuzunguka porini. Katika vijiji vya mpango huu walinzi kwa kawaida hawakupewa mshahara. Kijiji kiliwasamehe kazi nyingine za kujitolea, au kikawapa fungu katika faini zilizotozwa. Mtu anaweza kucheka malipo hayo. Lakini alinganishe na hali iliyotangulia, ambapo wilaya nzima ilikuwa na walinzi wachache wasio na usafiri, na pori la kilomita za mraba 440 mbele yao. Mlinzi wa Serikali alikuja na kuondoka. Mlinzi wa kijiji hulala pale pale, na sauti ya shoka usiku huisikia akiwa kitandani.

Taarifa zilizoandikwa katika miaka ile zaeleza kwamba matokeo yalionekana upesi. Kufyeka mashamba ndani ya msitu kulisimamishwa, na waliosimamisha ni wanavijiji wenyewe juu ya wenzao. Upasuaji wa mbao usio na kibali ulipungua, na moto pia ukapungua. Wasiozijua tabia za miombo huenda wakaona ajabu, lakini maumbile yenyewe yalikuwa upande wa vijiji. Miti mingi ya miombo ikikatwa haifi. Kisiki huchipua na mizizi iliyo chini ya ardhi hutoa machipukizi mapya. Adui wake mkubwa ni moto wa mwisho wa kiangazi, katika miezi ya Agosti hadi Oktoba, wakati nyasi zimekauka kabisa na mwali hupanda juu. Moto huo huyala machipukizi kila mwaka kabla hayajawa marefu ya kuuepuka. Kwa hiyo msitu wa namna hii hauhitaji sana kupandwa. Wahitaji kuachwa, na kuachwa huko kwahitaji mtu wa kukusimamia.

Hapa wanachuo watakumbuka ubishi uliowashughulisha wataalamu wa nchi nyingi. Katika mwaka 1968 Garrett Hardin wa Marekani aliandika kwamba mali inayotumiwa na wote haina budi kuharibika, kwa kuwa kila mmoja hupata faida nzima ya kile achukuacho, ilhali hasara hugawanywa kwa wote. Dawa, kwa maoni yake, ilikuwa mali hiyo iwe ya mtu binafsi au ya dola. Elinor Ostrom, naye wa Marekani, alijibu katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwa kuonyesha mabonde, malisho na bahari ambako watu wa kawaida walikuwa wametunza mali yao ya pamoja kwa karne nyingi, mradi walijuana, waliweka mipaka, walitunga kanuni wenyewe na waliweza kumwadhibu mvunjaji. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wanavijiji wa Mgori hawakuhitaji kumsoma yeyote kati ya hao wawili. Lakini kosa la Hardin laonekana vizuri kutoka Mgori: aliita mali ya wote kile ambacho kwa kweli kilikuwa mali isiyo na mwenyewe. Pori la Mgori liliharibika wakati lilipokuwa halijulikani ni la nani, na lilipata nafuu lilipokuwa la wengi wanaojulikana kwa majina.

Nchi ya Nepal yatupa kioo kingine. Huko Serikali iliitaifisha misitu mwaka 1957, mwaka ule ule ambao sheria ya misitu ya Tanganyika ilitungwa. Nako wanavijiji waliopoteza haki walipoteza pia sababu ya kulinda, na misitu ikaendelea kuharibika. Sheria ya mwaka 1993 ikavirudishia vikundi vya watumiaji wa msitu mamlaka juu ya misitu iliyo karibu nao. Nchi mbili zisizojuana, moja ya theluji na moja ya jua, zilifanya kosa moja na kulitambua katika muongo mmoja.

Lakini mwanahistoria hapaswi kuwa mshangiliaji. Yapo mambo matatu katika habari ya Mgori ambayo hayana budi kusemwa.

La kwanza ni hili: mpaka unaomweka mmoja ndani humweka mwingine nje. Mwenye shamba lake ndani ya msitu, ambaye mkutano ulimwamuru atoke, alikuwa naye mwanakijiji mwenye watoto. Mfugaji apitaye kwa majira, ambaye si mkazi wa kijiji chochote kati ya vile vitano, hakuwa na kiti katika mkutano uliotunga kanuni za malisho. Na wanawake, ambao ndio wabebao kuni kila siku, si kila mahali walisikilizwa kwa kadiri ya mzigo wao. Haki ya kijiji juu ya msitu si sawasawa na haki ndani ya kijiji. Dola ikisema umma, huenda ikawasahau wanakijiji. Kijiji kikisema umma, huenda kikawasahau wanyonge wake.

La pili lahusu faida. Msitu uliokwisha vunwa miti yake bora haurudishi fedha upesi. Mninga huhitaji karibu umri wa mtu mzima kufikia ukubwa wa kupasuliwa mbao. Kijana anayezunguka porini leo anamlindia mjukuu wake, na hilo ni jambo tukufu, lakini kijana huyo naye anataka kula leo. Zipo sehemu za Tanzania ambako vijiji vimepata fedha, kama Kilwa, ambako tangu mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji ilipata hati ya kimataifa ya uvunaji bora, na mpingo wake ukauzwa kwa bei ambayo mwanakijiji hakuwahi kuiona. Singida haina mpingo wa Kilwa. Ina asali, na asali yake yasifika nchini kote, lakini asali huhitaji soko, vyombo na bei ya haki. Mzigo ukitangulia na faida ikachelewa mno, hata mlinzi mwaminifu huanza kulisikia shoka na kugeukia upande wa pili.

La tatu ni udhaifu wa hati. Katika mwaka 1995 vijiji vya Mgori na Duru-Haitemba vilishika misitu yao kwa sheria ndogo na kwa mapatano, wakati sheria kuu ya nchi ilikuwa bado ile ya mwaka 1957, isiyoijua misitu ya vijiji. Kilichotolewa kwa barua chaweza kuondolewa kwa barua. Kwa sababu hiyo mambo yaliyofuata yalikuwa na maana kubwa. Siasa ya misitu ya mwaka 1998 iliukubali usimamizi wa wananchi. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuisimamia ardhi yake. Na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2004, iliitaja misitu ya hifadhi ya vijiji waziwazi, kando ya ile ya taifa, ya serikali za mitaa na ya watu binafsi, na kuviruhusu vijiji kutoza na kutumia mapato yake. Mashamba mawili ya majaribio, moja la Babati na moja la Singida, yalikuwa yamezaa sheria ya nchi. Baadaye misitu iliyowekwa chini ya vijiji kwa njia hii ilipita hekta milioni 2.

Pamoja na hayo, upimaji wa misitu yote ya nchi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba Tanzania Bara ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba ilikuwa ikipoteza hekta 372,816 kila mwaka. Msomaji na alifikirie jambo hilo kwa kipimo tulichokwisha kukijua: ni zaidi ya misitu minane yenye ukubwa wa Mgori kwa mwaka mmoja. Hesabu ya watu nayo yapanda. Mkoa wa Singida ulikuwa na watu 1,370,637 katika sensa ya mwaka 2012, na 2,008,058 katika sensa ya mwaka 2022. Watu hao wanahitaji mashamba ya alizeti na mtama, kuni, mbao na mkaa. Mtu asije akadhani kwamba mpaka uliotembelewa na wazee mwaka 1995 unaweza kushindana na njaa ya ardhi kwa nguvu zake peke yake.

Basi tumejifunza nini? Wengine husema habari ya Mgori yafundisha kwamba Serikali ijiondoe misituni. Sioni hivyo. Bila halmashauri ya wilaya kuzithibitisha sheria ndogo, na bila mahakama kumtisha mpasuaji wa mbao atokaye mjini na gari lake, kanuni za kijiji zingekuwa maneno matupu. Kazi ya Serikali haikupungua. Iligeuka kutoka ulinzi wa mti kuwa ulinzi wa haki ya anayeulinda mti. Hiyo ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa haionekani wala haina vigingi, na mara nyingi huwa rahisi kuisahau.

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muda wa karibu karne moja daftari la misitu yetu liliwekwa mbali na msitu, likaandikwa kwa lugha isiyosomwa na walio karibu nao. Tukashangaa kwa nini mali inapotea. Katika Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga daftari lilipelekwa porini, likaandikwa na wenyeji kwa mkono wao. Walioandikwa humo hawakuwa malaika, wala walioachwa nje hawakuwa wezi. Lakini kwa mara ya kwanza neno umma lilikuwa na majina ya watu chini yake, na aliyetaka kukata mti alijua ni nani wa kumwomba.

Atakayeiandika historia ya misitu yetu baada ya miaka 50 hatauliza tulitunga sheria ngapi. Atauliza kama majina hayo yaliachwa katika daftari, na kama walioyabeba walipata sehemu ya asali pamoja na sehemu ya mzigo.